Ugonjwa Ulioitwa Bwana Shamba

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na walimu wa hesabu tuna ulemavu wetu: tukiona namba tunadhani tumekiona kitu chenyewe. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu kwenye magonjwa ya mimea sikuogopa. Mradi ulikuwa unatafuta mtu wa takwimu, mtu wa kukaa Njombe na kueleza kwa hesabu namna mnyauko wa viazi unavyotembea kutoka shamba hili hadi lile. Nikajiambia, kutembea ni kutembea tu: kuna umbali, kuna mwendo, kuna muda. Wiki ya kwanza ya kusoma makala za watu nikagundua sijui hata kiazi kinavyoota. Nimezaliwa Yakobi, nimekula viazi tangu nina meno mawili, nimelima kwa mikono hii, na bado sikuweza kueleza kwa nini kiazi kinachopandwa kinaitwa mbegu wakati si mbegu. Waliotunga neno uzamivu walijua wanachosema. Wenzangu walizamia, mimi nilizama.

Msimamizi wangu alikuwa profesa aliyekaa mbali, chuoni, mtu wa simu kuliko wa barua pepe. Alinisikiliza nikijitetea kwa dakika kumi, kisha akasema, "Mama, hesabu unazijua. Kiazi hukijui. Tafuta mtu akufundishe kiazi, ndipo uniletee pendekezo lako." Nilichukia, nisiseme uongo. Miaka kumi na minne nafundisha chuo cha ualimu, leo naambiwa nikafundishwe kiazi! Lakini mficha uchi hazai. Kesho yake nikaenda kuuliza ofisi ya kilimo, na mama wa masjala, bila hata kuinua kichwa, akaniambia: "Mnyauko? Huo anaujua mzee mmoja tu, yuko Makambako. Zamani alikuwa bwana shamba huku kwetu. Siku hizi anatengeneza mabomba ya kupulizia dawa, nyuma ya soko."

Makambako haina upole wa Njombe. Njombe tunatembea tumejikunyata ndani ya makoti na tunaongea chini chini. Makambako malori yanapiga honi, upepo unabeba unga wa mbao, na kila mtu anauza kitu kwa sauti. Mzee nilimkuta chini ya bati, amezungukwa na mabomba ya kubeba mgongoni kama kumi hivi, yaliyopasuka na yaliyoziba, na mkononi ameshika spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bomba liko wapi?"

"Sina bomba. Nimekuja kwako kama mwanafunzi. Nasomea ugonjwa wa viazi, ule wa bwana shamba, nikaambiwa wewe ndiye unayeujua."

Spana ikasimama.

"Umeuitaje?"

"Bwana shamba, mzee. Sisi kwetu ndivyo tunavyouita."

"Kwenu wapi?"

"Yakobi."

"Wa nani, pale Yakobi?"

Nikamtajia jina la baba. Aliniangalia muda mrefu, muda ambao kwa mtu mwingine ningeuita utovu wa adabu. Kisha akauliza, "Hajambo?" Nikamjibu kuwa baba alishatangulia, huu mwaka wa saba. "Poleni sana," akasema. Akavuta ndoo, akaigeuza kifudifudi, akaifuta kwa kiganja. "Kaa, mwanangu. Huo ugonjwa jina lake ni mnyauko."

Ni mpaka nilipofika stendi ndipo akili ikanirudia. Bwana shamba! Yule ndiye aliyekuwa bwana shamba wa Yakobi nilipokuwa mdogo, yule tuliyemjua kwa mlio wa pikipiki na koti refu la mvua. Kwetu hakuna anayesema mnyauko. Wanasema, "Bwana shamba ameingia kwa fulani." Wanasema, "Mwaka huu bwana shamba katumaliza." Nilikua na neno hilo mdomoni kama nilivyokua na neno surua, na sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Nilichokuwa nimesikia ni kwamba aliwahi kuja bwana shamba akagawa mbegu zenye ugonjwa, viazi vikafa kata nzima, aibu ikamhamisha. Lisemwalo lipo, wazee walisema, na yakaishia hapo. Sasa nimemwendea mtu kuomba elimu na nimemwita ugonjwa usoni kwake. Looh! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimpigia simu kumwomba radhi nikiwa bado stendi. "Neno umeliokota tu," alisema. "Njoo Jumamosi. Uje na viatu vya shamba, hivyo vya leo ni vya harusi."

Nilikwenda Jumamosi hiyo, na Jumamosi zote za msimu ule. Mara nyingine tulikutana Makambako, mara nyingine alipanda gari kuja mashamba ya upande wa Njombe, ila Yakobi hakukanyaga. Nikimwambia Yakobi kuna shamba zuri la mfano, anajibu goti linamuuma. Kila mahali kwingine goti lilikuwa zima.

Alinifundisha kama mtu anayefundisha mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nilikasirika kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukifika shamba la watu, unaosha viatu kwanza kwa maji yenye dawa, hata kama mwenye shamba anakucheka. Unaanza juu ya mteremko na kushuka, hupandi. "Shamba ni barua," alisema, "linasomwa kutoka juu." Siku ya kwanza nilioneshwa mche ulionyauka nikasema kwa uhakika wote wa masters yangu, "Huu umekosa maji." Alicheka mpaka akakohoa. Akakata shina karibu na udongo, akajaza glasi maji safi, akaliegemeza shina ndani yake bila kutikisa.

"Tulia," akaniambia. "Acha kupumua kama treni."

Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, kama maziwa. Ukashuka mpaka chini ya glasi.

"Huyo ndiye," alisema. "Ingekuwa ni kiu, maji yangebaki maji. Mnyauko haufichiki ukiupa nafasi."

Mama yangu weee, nilishangilia kama nimefunga goli. Nilimshika mkono, nikamwambia arudie, akarudia kwa shina lingine, na lingine. Nilikuwa nimesoma makala arobaini kuhusu kitu ambacho sijawahi kukiona, na mzee mwenye glasi ya chai amenionesha kwa dakika tano.

Lakini kubwa zaidi alilonipa ni lile lililobeba tasnifu yangu yote. Mimi nilikuwa na ramani, nimechora umbali kati ya mashamba, nataka kupiga hesabu ugonjwa unaruka mita ngapi kwa msimu. Aliitazama ramani yangu kwa heshima, akaikunja. "Hauruki huu. Unabebwa. Na maji, na jembe, na viatu, ila zaidi ya vyote na mtu aliyebeba mbegu. Usipime umbali, mwanangu. Uliza nani ni shemeji wa nani." Nilipompelekea msimamizi wazo hilo, kwamba ugonjwa ufuatwe kwa njia ya undugu na ujirani badala ya mita, alinipigia simu siku hiyohiyo. Alisema ni wazo la kipekee. Nikasema ahsante, profesa. Sikusema ni la fundi wa mabomba. Nilijiambia nitasema baadaye, kwenye ukurasa wa shukrani.

Msimu ulipokwisha alinipa kauntabuku zake. Zilikuwa tisa, za miaka yote aliyofanya kazi Yakobi, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake kila shamba alilotembelea, nani alipanda nini, mbegu zilitoka kwa nani, nini kilikufa na lini. Mtafiti yeyote angepiga magoti kwa kitu kama kile. "Soma zote," alisema. "Usiruke hata moja. Ukimaliza utakuwa umejua ugonjwa ulivyoingia Yakobi, halafu utaandika." Sauti yake kwenye neno utaandika haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya mtu anayeomba. Mimi nilisikia, lakini nilijifanya sikusikia, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupata data.

Nilifika ya sita alasiri moja ya Jumapili, nyumbani kwangu Njombe, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Nikakuta jina la baba yangu kwa herufi kubwa, kama alivyoandika majina yote.

Aliandika kwamba shambani kwa baba mnyauko umethibitishwa kwa glasi, shamba la kwanza kata nzima. Viazi vya mbegu, magunia matatu, vimefukiwa shimoni na chokaa imewekwa juu, na mwenye shamba ameridhia. Wiki mbili mbele aliandika: "Shimo limefukuliwa. Mbegu hazipo." Kurasa chache mbele: "Mbegu zimeonekana kwa wakulima watano. Wote wamebadilishana kwa mahindi. Wote wanasema wameambiwa ni mbegu bora za bwana shamba." Na mwisho, mistari miwili ambayo naijua kwa moyo mpaka leo: "Nimeongea na mwenye shamba faragha. Amelia. Sitapeleka taarifa."

Nilifunga kauntabuku, nikaifungua tena, nikasoma upya, nikihesabu miaka kwa vidole kama mtu asiyejua hesabu.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa hayajabeba, na mama akawa anatupikia maboga asubuhi na maboga jioni mpaka mdogo wangu akawa analia akiona boga. Kisha siku moja baba akaingia na mahindi. Siku nyingine akaingia na mengine. Tulipika ugali mkubwa, mweupe, tukaula na majani ya maboga yaleyale tuliyokuwa tunayachukia, na baba akatuangalia tukila, yeye akasema ameshiba. Watoto sita tulicheza uwanjani mpaka majirani wakauliza kuna nini. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi, hata kwenye msiba wake niliisimulia, kuonesha baba yetu alikuwa mpambanaji. Watu walitikisa vichwa kwa kumkubali.

Simlaumu baba, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Viazi vile kwa macho vilikuwa vizima. Mtu mwenye watoto sita wenye njaa anaambiwa afukie chakula kizima ardhini. Angeamini glasi ya maji? Lakini kusema ni mbegu za bwana shamba, hapo alijua anachofanya. Alijua mbegu zake mwenyewe hakuna atakayezitaka. Basi viazi vilipokufa kwa wale watano, na kwa mashemeji wa wale watano, watu wakasema zilikuwa mbegu za bwana shamba, kisha wakasema ni ugonjwa wa bwana shamba, kisha wakafupisha. Neno lile nililolibeba mdomoni mpaka Makambako lilikuwa limetoka mdomoni mwa baba yangu.

Na mzee aliijua yote hiyo siku ile ya kwanza, nilipomtajia jina la baba, akanifutia ndoo nikae.

Tangu hapo akawa ananipigia kila wiki. Haulizi tasnifu. Anauliza, "Umefika kauntabuku ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. Wiki iliyofuata nikasema ya tatu bado, kazi za chuo zimenibana. Kisha ya nne. Mwanamke mzima, mshauri wa wanafunzi, msimamizi wa mitihani, namdanganya mzee wa watu kwenye simu kama mtoto aliyetumwa dukani akala sukari. Na yeye aliniachia. "Hakuna haraka," alisema, "ila usiruke."

Nilikwenda Yakobi kumuuliza mama. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, na nilipomaliza kueleza hakuacha kuchagua. Hakukana, hakushangaa. Alinijibu kwa Kibena, lugha anayoitumia akitaka mazungumzo yaishe, kwamba baba yangu amelala na nisimfukue. Kisha akaniuliza nitalala au nitarudi, na kama nitabeba maharage.

Nilirudi. Maharage nilibeba.

Sasa niseme nilichofanya, maana ndicho kilichonikalisha niandike haya. Utafiti una kanuni ya kulinda watu: majina hayatajwi, kila mtu anapewa namba. Kanuni nzuri, sina ugomvi nayo. Baba akawa shamba namba kumi na moja. Wale watano wakapata namba zao. Hapo hakuna ubaya wowote. Ningeweza kuandika kwamba mbegu za kwanza zilitoka shamba namba kumi na moja, zikafukiwa kwa amri ya mtaalamu, zikafukuliwa bila yeye kujua, zikasambazwa kwa jina lake. Bila jina la mtu hata mmoja mzee angekuwa amesafishwa. Lakini Yakobi ni Yakobi. Ukisema shimo lilifukuliwa, kila bibi atajua ni shimo la nani. Basi nikaandika sentensi moja, kwa Kiingereza cha kitaaluma, ambayo kwa Kiswahili maana yake ni hii: chanzo cha mbegu za kwanza hakikuweza kubainika. Hata hapa ninapoandika sitaji jina la mtu, na kila nikisoma nilichoandika naona bado nimejificha humohumo.

Na si hiyo tu. Tasnifu za namna hii huwa na jedwali la majina ya kienyeji ya magonjwa. Nilijaza kwa uaminifu mkubwa, maana penye mambo madogo mimi ni mwaminifu sana. Mnyauko: Yakobi na jirani, "bwana shamba". Neno ambalo lilikuwa la midomo ya watu, ambalo lingekufa na wazee wake, mimi nikaliweka kwenye maktaba.

Msimamizi alisoma akaniuliza, "Una kumbukumbu za miaka yote hii, halafu chanzo hakijulikani?" Nikamwambia kumbukumbu zina mapengo. Aliniamini. Kwa nini asiniamini?

Mzee nilimshukuru. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya profesa, baada ya chuo, baada ya mume wangu na wanangu, niliandika: wakulima na wadau wote wa kilimo wa Njombe na Makambako. Yeye yumo humo, ukimtafuta.

Baada ya kutunukiwa, mradi ulitaka mrejesho upelekwe kwa wananchi. Tukapanga mkutano ofisi ya kata, Yakobi. Nikamwalika mzee. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani nilitaka nimkalishe mbele, nimpe soda na kiti chenye mito, watu wamwone na mimi, halafu dhamiri yangu iniache nilale. Nilitegemea atataja goti. Akasema, "Nitakuja."

Alikuja amevaa suti. Suti ya kijivu ya zamani, ya mabega mapana, imepigwa pasi mpaka inang'aa, na tai. Alitangulia kufika kuliko wote. Nilipomwona amekaa peke yake kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti, nikaelewa kwamba mzee huyu amevaa kwa ajili ya siku aliyoingoja karibu miaka thelathini. Aliamini nimemaliza kauntabuku zote. Aliamini leo ndiyo leo.

Niliongea vizuri, kuongea ni kazi yangu. Nilieleza glasi ya maji, nilieleza kuosha viatu, nilieleza mbegu zinavyobebwa na undugu wetu wenyewe. Watu walipiga makofi na kuniita daktari. Daktari wetu! Mtoto wa Yakobi! Mama alikuwa safu ya tatu, amejifunga kitenge cha Umoja wa Wanawake, machozi yanamtoka. Kisha bibi mmoja, jirani yetu wa kule bondeni, mtu wa mizaha asiyejua kuongea polepole, akasimama na fimbo yake.

"Daktari, umetufundisha vizuri, Mungu akubariki. Sasa tumalizie. Huyu mzee hapa mbele namfahamu, suti hainidanganyi. Ndiye bwana shamba mwenyewe! Sasa utuambie wewe uliyesoma: alituletea au hakutuletea?"

Ukumbi ukacheka. Halikuwa swali baya. Lilikuwa limeulizwa bila chuki, kwa mlango ulio wazi kabisa. Nilihitaji maneno mawili tu, hakutuletea yeye, na hata jina la baba lisingekuwemo. Mzee aligeuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa kunitisha. Aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia lile shina kwenye glasi, ametulia, anasubiri kitu kishuke.

Nikamtazama mama. Mama akatazama chini.

"Bibi," nikasema, "utafiti haukuweza kubaini."

"Aaa!" wakasema, kwa ile sauti ya watu walioelewa. Mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kuchekesha kwamba basi kesi imeahirishwa, wakacheka tena. Mzee akapiga makofi pamoja nao. Alipiga makofi kwa adabu, mara tatu nne, akakunja mikono. Alipopewa soda aliipokea kwa mikono miwili, na mkutano ulipofungwa kwa sala akaondoka kabla sijamfikia.

Sikulala vizuri mwezi mzima, na nasema hivyo bila kuomba kuhurumiwa. Nilikuwa mkali darasani. Nilimfokea mume wangu kwa kuacha mlango wazi. Kila aliyeniita daktari nilisikia kama ananizomea. Mwisho nikabeba zile kauntabuku tisa, nimezifunga kwa mpira wake uleule, nikaenda Makambako.

Alikuwa chini ya bati lake, amevaa ovaroli. Aliitikia shikamoo yangu kama kawaida. Nikaziweka kauntabuku mezani na kusema nililokuwa nimejifunza kwa moyo njia nzima: kwamba nilisoma, kwamba nilisoma zote, kwamba ya sita niliimaliza kabla hata ya kumwambia niko ya tatu, kwamba nilimdanganya, kwamba nimemkosea, anisamehe.

"Najua ulisoma," alisema. "Uliposema ya tatu mara ya pili nikajua umefika ya sita."

"Kwa nini hukusema, mzee? Hata mwenyewe tu, siku ile ukumbini, ungesimama ukasema!"

Hebu sikia ujasiri wangu. Nimekwenda kuomba msamaha, na sekunde hiyohiyo namgombeza kwa kosa langu. Yeye hakukasirika. Alichukua bomba, akalifungua mfuniko, akachungulia ndani.

"Baba yako alilia mbele yangu," alisema. "Aliniambia, mzee mwenzangu, ukipeleka taarifa watakuja kuyachukua yale mahindi wayarudishe kwa wenyewe. Nikawaza wale watoto niliowaona pale uwanjani wanacheza. Mmoja alikuwa wewe. Nikanyamaza. Nilinyamaza ili ninyi mle, mwanangu. Na sijutii, mlikula." Akaniangalia. "Wewe ulinyamaza ili nini?"

Nilitaka kusema ni kwa ajili ya mama, na ingekuwa kweli nusu. Nilitaka kusema heshima ya marehemu. Nikakumbuka makofi, na ule utamu wa kuitwa mtoto wa Yakobi mbele ya Yakobi yote, na nikaona hata kwa mtu kama mimi uongo una mwisho.

"Ili niitwe daktari," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi mzito.

"Basi umepata jina lako," alisema. "Na mimi umeniachia langu."